Ushauri wakuu: njia za milimani kuelekea Kalya, niende peke yangu au nisubiri msafara?

Mwana wa Ujiji

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za siku.

Nina Prado ya zamani, ya dizeli, gia za mkono. Tangu Juni napeleka paneli na betri za sola vijiji vya kusini mwa Kigoma, upande wa Ziwa Tanganyika. Nafuata barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya, halafu naiacha na kupanda vijia vinavyoingia vitongoji vya milimani. Kiangazi chote sikupata shida ya maana.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza ilinikuta huko juu. Kwenye mpando wa udongo mwekundu gari liliishiwa nguvu katikati, likazimika. Nikakanyaga klachi ili niliwashe upya, likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki mpaka mwisho, matairi yakafunga, lakini gari likawa linateleza tu, likageuka ubavu kuelekea korongoni. Lilizuiwa na kisiki. Mtandao wa simu hakuna. Nilikaa pale mpaka jioni, walipopita vijana wanaotoka shamba.

Mke wangu ni mjamzito, miezi saba. Sijamweleza yote.

Kuna wenzangu wawili wenye magari, hupanda huko kila baada ya wiki mbili, wananiita tufuatane. Lakini wateja wameshalipa na hawataki kungoja. Nilikosea wapi pale mpandoni? Na je, peke yangu inawezekana, au niache kabisa?

Dereva Mstaafu, Kasulu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ahsante Mungu kwa hicho kisiki.

Kosa lilikuwa klachi. Ukiikanyaga umeitenga injini na magurudumu, na gari linabaki halina kinacholishika isipokuwa breki. Breki kwenye tope hufunga tairi, na tairi lililofunga halisikii usukani.

Siku nyingine likizimika mpandoni, kanyaga breki na uvute handibreki. Shusha pumzi, huna haraka. Breki ikiwa bado imeshikwa, kanyaga klachi kwa muda mfupi tu, tia rivasi ukiwa kwenye fowili ya gia nzito (magurudumu yote manne yakisukumwa kwa gia za nguvu, mwendo wa polepole), kisha achia klachi yote. Sasa injini imelishika gari. Magari mengi ya zamani yanakubali kuwashwa bila kukanyaga klachi. Jaribu la kwako leo hii uwanjani, usisubiri kulijua siku ya shida. Kama linakubali, achia handibreki na breki polepole, washa, litarudi nyuma taratibu likibebwa na injini. Usukani uwe umenyooka. Ulikopandia ndiko unakorudi, moja kwa moja. Usijaribu kamwe kugeuza gari katikati ya mlima, maana likikaa ubavu ndipo linapopinduka.

Likianza kuteleza huku breki imekanyagwa, legeza mguu kidogo matairi yazunguke. Najua moyo unakataa, lakini ndivyo ilivyo.

Kushuka ni hivyo hivyo. Namba moja nzito, mguu mbali na klachi, breki uiguse tu. Ukishuka mlima mrefu kwa breki pekee zinapata moto, na zikishapata moto unakanyaga hakuna kitu.

Fundi wa Mwanga

Ndugu, nikuulize: paneli ulizifunga juu ya keria? Na betri ziko wapi?

Mwana wa Ujiji

Paneli juu, kaka. Betri baadhi juu pia, nyingine nyuma.

Fundi wa Mwanga

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Betri juu ya keria ni mzigo mzito kuliko wote uliowekwa mahali pabaya kuliko pote. Gari likiinama ubavu, ule uzito wa juu ndio unaolivuta kulimaliza. Betri zikae sakafuni, zisogezwe karibu na viti, zifungwe zisicheze hata kidogo. Kwa ushauri wangu, vijiji vya karibu na ziwa vipelekee betri kwa boti, watu wako wakazipokee ufukweni. Gari libebe paneli na vifaa vyepesi.

Upepo wa matairi je? Kama unatembea na PSI 35 kwenye lami na vumbi, ukifika kwenye tope shusha hadi 25 hivi. Tairi linatandaa, linashika. Lakini uwe na pampu ya kurudishia kabla ya kukimbia tena barabarani, maana tairi laini kwenye mwendo linachemka na kupasuka.

Na kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi. Usifunge kwenye bampa wala kwenye ile bola ya kuvutia tela. Ile bola ikikatika inaruka kama risasi. Tandika blanketi zito juu ya kamba, na watu wote wakae mbali.

Nesi wa Kijijini

Kaka, mimi si dereva, ila nimepanda magari ya chanjo milima hiyo miaka mingi. Dereva wetu alikuwa na tabia moja: pabaya popote anashuka, anapanda kwa miguu mpaka juu, ndipo anarudi kuwasha. Mara nyingine alirudi akatuambia leo hatupiti, na tukageuza na chanjo zetu. Nilikuwa nakasirika wakati huo.

Mwambie mkeo, tafadhali. Mwachie karatasi: unapita kitongoji gani na gani, namba za wenyeviti wa vitongoji hivyo, na saa. Mkubaliane kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni hujapiga, aanze kupiga yeye. Wewe ulikaa pale mpaka jioni hakuna hata mtu mmoja aliyejua wa kumtafuta. Hilo ndilo limeniumiza kwenye maelezo yako.

Msafiri wa Buhigwe

Naunga mkono, ila niseme kitu kuhusu msafara, kwa sababu watu wanaona magari matatu ni usalama tayari. Niliwahi kuwa kwenye msafara ambao gari la pili lilifuata la kwanza mpandoni likiwa limelikaribia. La kwanza likashindwa, likarudi, likaliponda la nyuma. Mwenzetu alivunjika mguu.

Kwa hiyo mlimani apande mmoja, afike juu, ndipo wa pili aanze. Wa chini wasikae kwenye njia ambayo gari linaweza kurudia. Gari dhaifu lisiwe la mwisho, mliweke katikati. Kila dereva amtazame wa nyuma yake, asipomwona asimame. Njia panda haiachwi mpaka aliye nyuma aone umekata wapi. Na mto uliojaa maji ya rangi ya chai usivuke kwa sababu mwenzako amevuka. Yeye labda amelikwepa shimo ambalo wewe utalikanyaga. Subirini, maji ya milimani hupungua upesi mvua ikikatika.

Mwana wa Ujiji

Nimesoma yote mara mbili. Wazee na ndugu zangu, ahsanteni.

Nimemweleza mke wangu jana usiku. Alilia, kisha akaniuliza kisiki kilikuwa kinene kiasi gani. Karatasi tumeiandika pamoja.

Masika haya milimani napanda na wenzangu tu. Peke yangu nitaishia pale mtandao unaposhika, na mteja wa juu atashuka kuchukua mzigo wake, nimewapigia wawili wamekubali. Wa tatu amedai pesa yake, nimemrudishia. Betri zinaondoka kwa boti Alhamisi.

Mzee wa Kasulu, nimejaribu uwanjani: linawaka bila klachi.

Dereva Mstaafu, Kasulu

Vizuri. Sasa tafuta mpando mfupi mkavu, ulizime gari makusudi katikati, urudie mara kumi. Nenda na mtu.