Hivi Modi kabla ya kuwa PM alikuwa "RC" wa Gujarat? Naomba kueleweshwa serikali za majimbo India

MwanaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Hapa barabara ya 8 kwenye kahawa kumezuka ubishi nusura watu washikane mashati. Mzee mmoja anasema Modi kabla hajawa waziri mkuu wa India alikuwa mkuu wa mkoa wa Gujarat, kama RC wetu wa Tanga, yani rais kamteua kampeleka basi. Mwingine akaruka, sio RC, alikuwa gavana kama wale wa Kenya. Wa tatu, ambae mwanae anasoma huko, akasema Gujarat ina gavana NA ina waziri mkuu wake, na wote wapo kwa wakati mmoja. Hapo ndo nikachoka kabisa.
Nimegugo nikaletewa makala za kisheria usingizi ukanichukua. Sa naomba mwenye kujua anieleweshe kwa kiswahili cha mtaani, nani anamuweka nani, nani anamtoa nani, na kule chini wilayani rungu kashika nani. Mdogo wangu anaomba chuo Ahmedabad, huko huko Gujarat, kwahiyo sio ubishi tu, kuna faida.

Chuma_cha_Mkonge
Gavana huyo mkuu, kama Kenya tu. Uzi ufungwe.

BintiRaskazone
Usifunge wewe bwana. Kenya gavana anapigiwa kura, India gavana hapigiwi kura na mwananchi hata mmoja. Wenye kujua waje.

Nahodha_Mstaafu
Nimesoma Gujarat, nimekaa kule vya kutosha mpaka nikazoea foleni za ofisi zao, ngoja nijaribu. Huyo wa tatu kwenye kahawa yenu ndo kapatia.

India ina majimbo 28 na maeneo mengine 8 yaliyo chini ya serikali kuu. Kila jimbo lina gavana, anateuliwa na Rais wa India, na kiuhalisia ni chaguo la serikali iliyopo Delhi. Muda wake miaka 5 ila Rais akiamua kumtoa hata kesho anatoka. Ana ikulu yake, anafungua bunge la jimbo kwa hotuba, na muswada hauwi sheria mpaka usainiwe. Ukimuangalia kwa macho ya huku utasema hasaa, ndo RC huyu. Lakini hatawali! Katiba yao inamtaka afuate ushauri wa mawaziri wa jimbo isipokuwa kwenye mambo machache sana, na hata ile hotuba anayoisoma bungeni anaandikiwa na serikali, anaweza kuisoma ya kujisifia mambo ambayo moyoni hayakubali.

Mwenye serikali ni Waziri Kiongozi. Wanaokumbuka Zanzibar kabla ya 2010 hicho cheo wanakijua, tofauti ni kwamba wa Zanzibar juu yake kulikuwa na rais mwenye nguvu, huyu wa India kwenye kazi za jimbo hana wa kumpangia. Gavana ndo anamuapisha ila hamchagui kwa mapenzi yake, ni lazima awe mtu anayeungwa mkono na wabunge wengi wa bunge la jimbo. Gujarat wabunge ni 182, ukiwa nao 92 serikali yako, siku wakikugeuka unafungasha hata kama gavana ni swahiba wako.

Sa twende kwa Modi. Oktoba 2001 anaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Gujarat hata ubunge wa jimbo hana, chama chake kilimleta kuchukua nafasi ya aliyekuwepo. Katiba inaruhusu hiyo, ila ndani ya miezi 6 uwe umeshapata kiti, la sivyo unatoka. Akagombea uchaguzi mdogo kule Rajkot Februari 2002 akashinda, akakaa mpaka 2014 alipoenda Delhi. Kwahiyo mzee wenu anakosea, RC wa Tanga hahitaji kura ya mtu, yeye anachoogopa ni mkeka utoke usiku na jina lake halimo.

MwanaNgamiani
Aisee ahsante sana mkuu, hapo kwa mara ya kwanza nimeelewa. Kwahiyo Gujarat ina baraza la mawaziri kamili? Waziri wa afya, wa elimu, wa kilimo? Halafu Delhi nako kuna waziri wa afya? Hawagongani hao?

Nahodha_Mstaafu
Wanagongana sana tu, ila katiba imejaribu kugawa. Kuna orodha tatu. Ya kwanza ni ya Delhi peke yake: jeshi, mambo ya nje, sarafu, reli. Ya pili ni ya majimbo: polisi, hospitali, kilimo, ardhi, serikali za mitaa. Ya tatu wote wanatunga sheria, na zikipingana ya Delhi kwa kawaida ndo inasimama. Elimu zamani ilikuwa ya majimbo, ikahamishiwa orodha ya tatu kwa marekebisho ya katiba ya 1976, enzi za hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, na kuna majimbo mpaka leo yananuna kwa hilo.

Mawaziri wana kikomo, pamoja na Waziri Kiongozi wasizidi asilimia 15 ya wabunge, kwahiyo Gujarat mwisho 27. Hiyo ilikuja 2003 maana uwaziri ulikuwa unagawiwa kama peremende ili kununua wabunge, Uttar Pradesh iliwahi kuwa na mawaziri zaidi ya 90 kwa mpigo, hebu fikiria msafara wa mashangingi.

Juu ya watumishi kuna mtu kama Katibu Mkuu Kiongozi wetu, na kila wizara ina katibu wake. Hapa ndo penye utamu kwa maoni yangu. Hao wakubwa wanatoka kwenye kundi la watumishi wa juu wa serikali linaitwa IAS, unaingia kwa mtihani wa taifa zima, waombaji wanakaribia milioni kwa mwaka na wa IAS wanachukuliwa mia na kitu tu. Ukifaulu unapangiwa jimbo na kwa kawaida unazeekea huko. Waziri Kiongozi anaweza kukuhamisha hata mara tatu kwa mwaka mpaka ukome, anaweza kukusimamisha, lakini kukufukuza kazi moja kwa moja hawezi, hiyo ni ya serikali kuu. Kwahiyo wana mguu mmoja Delhi mguu mmoja jimboni.

Mtu_wa_Pongwe
Swali la wilayani halijajibiwa, DC wao ni nani?

Nahodha_Mstaafu
Anaitwa Kalekta. Kila wilaya inae, ni mtumishi wa serikali, mara nyingi mtu wa IAS, na usishangae ukimkuta kijana wa miaka 30 hata hajafika anaendesha wilaya yenye watu milioni mbili. Ardhi, mafuriko na tetemeko, kusimamia uchaguzi, vibali, yote kwake. DC wetu ni mteule wa kisiasa, Kalekta hatakiwi kuwa na chama, kwangu hiyo ndo tofauti kubwa kuliko zote na sio siri naipenda ya kwao. Polisi wa wilaya wana mkuu wao, wanamuita SP.

Kwa Gujarat, pembeni ya Kalekta kuna afisa mwingine anaitwa DDO, huyo ndo mtendaji wa halmashauri ya wilaya iliyochaguliwa na wananchi. Yani DC na DED kabisaa! Chini ya wilaya kuna taluka, mkubwa wake Mamlatdar, halafu kijijini kuna Sarpanch aliyepigiwa kura, kama mwenyekiti wa kijiji, na pembeni yake Talati anayeshika daftari za ardhi na kodi, wewe muone kama VEO. Mkutano wa wanakijiji wote upo pia, na viti vya wanawake kwenye hizo halmashauri katiba inasema visipungue theluthi moja, tangu 1993.

Ila usidanganyike na neno wilaya. Kutch, huko walikotoka wazee wengi wa Kihindi waliofungua maduka Tanga na Bagamoyo, ni wilaya moja, na kwa eneo imeuzidi mkoa mzima wa Tanga kuanzia Mkinga mpaka Kilindi.

BintiRaskazone
Na hela? Maana ugatuzi bila hela ni maneno ya jukwaani.

Kodi_na_Kero
Hapo niachieni mimi. Majimbo yana vyanzo vyake: ushuru wa pombe, kodi ya mafuta ya petroli na dizeli, stempu za kuuziana nyumba na viwanja, kodi ya magari. Tangu Julai 2017 VAT na kodi nyingi za bidhaa zimeunganishwa kuwa moja wanaiita GST, inagawanywa kati ya Delhi na jimbo, lakini pombe ya kunywa na petroli majimbo yaligoma kuviachia na unaona mwenyewe kwanini. Halafu kodi zinazokusanywa na Delhi, kama ya mapato, zina fungu la majimbo, tume ya fedha ndo inapanga, ile ya 2021 mpaka 2026 iliweka asilimia 41. Jimbo masikini kama Bihar linapata kubwa, majimbo ya kusini yanalalamika kila siku kwamba wao wanachuma wengine wanakula.

Kichekesho ni Gujarat, pombe marufuku tangu jimbo lianzishwe 1960. Kwahiyo ushuru ambao majirani zao Maharashtra wanauvuna wao wanauangalia tu. Mdogo wako mwambie mapema asijebeba chupa kwenye begi, hiyo ni sheria ya jimbo na polisi ni wa jimbo.

Chuma_cha_Mkonge
Maneno meengi lakini Delhi wakikasirika si wanafuta hiyo serikali yote? Nilisikia mimi. Basi hilo ni RC tu mwenye bunge.

Nahodha_Mstaafu
Umesikia kweli, ibara ya 356. Gavana anaandika kwamba jimbo haliendesheki kikatiba, Rais anatangaza utawala wake, Waziri Kiongozi na mawaziri nje, gavana anatawala kwa niaba ya Delhi. Na miaka ya 70 na 80 walikuwa wanaitumia hovyo, chama cha upinzani kikishinda jimbo wanatafutiwa sababu. Ila 1994 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Bommai ilisema tangazo hilo linaweza kupingwa mahakamani, na kama serikali ina wabunge au haina ijulikane kwa kura ndani ya bunge, sio kwenye sebule ya gavana. Tangu hapo imepungua mno. Haijafa, jimbo la Manipur waliwekewa Februari 2025.

Siku hizi ugomvi umehamia kwingine, gavana anakalia miswada haisaini wala hairudishi. Tamil Nadu walienda Mahakama ya Juu 2023 kwa hilo hilo. Na majimbo nayo yanalipa kisasi, West Bengal mwaka 2018 walifuta ruhusa ya jumla kwa wapelelezi wa serikali kuu, CBI, kufungua kesi ndani ya jimbo lao. Niambie RC gani huku anaweza kuwafungia TAKUKURU geti.

Chuma_cha_Mkonge
Sawa hapo umenikamata. 😂

Mtu_wa_Pongwe
Kingine, mabunge ya majimbo ni nyumba moja au mbili kama Uingereza?

Kodi_na_Kero
Mengi moja. Sita tu ndo yana mbili: Uttar Pradesh, Bihar, Maharashtra, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Ile ya juu haina meno sana, inachelewesha tu. Gujarat hawana.

MwanaNgamiani
La mwisho wakuu, na huyo Waziri Kiongozi wa Delhi ninayemsikia kwenye taarifa, na Delhi si ndo makao makuu ya nchi?

Nahodha_Mstaafu
Delhi ni moja ya yale maeneo 8, sio jimbo kamili. Ina bunge lake la viti 70 na Waziri Kiongozi wake, anashughulika na shule, hospitali, maji. Lakini polisi na ardhi vipo kwa serikali kuu, kwahiyo mtu anashinda uchaguzi kwa kishindo halafu mwizi akiiba simu nje ya ofisi yake, askari wa kumkamata anaripoti kwa waziri mwingine wa serikali kuu.