Naibu gavana achaguliwe kwa kura yake au aje na gavana? Tujadili

Mleta mada (Houston, Texas):

Wakuu, salaam. Nina jambo nimekaa nalo muda mrefu, nataka tulijadili kwa hoja.

Novemba 2018 nilipiga kura yangu ya kwanza nikiwa raia wa Marekani. Nilikuwa nimejiandaa kwa gavana na kwa seneta wa kwenda Washington. Nilipofika kwa naibu gavana nikasita. Nimekua nikijua kwamba makamu huja na mkubwa wake, ukimchagua huyu umemchagua na yule. Texas sivyo. Naibu Gavana Dan Patrick alikuwa na mstari wake kwenye karatasi ya kura dhidi ya Mike Collier, na Gavana Greg Abbott alikuwa na wake. Kura zilipohesabiwa, Abbott alishinda kwa tofauti ya asilimia 13 hivi, Patrick kwa asilimia 5 hivi. Wote Republican, siku ileile, jimbo lilelile. Watu walikaa wakampima kila mmoja kwa mizani yake.

Msimamo wangu ni kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Majimbo 17 bado yanamchagua naibu gavana peke yake, na Texas ndiyo inayoonyesha umuhimu wake kuliko yote. Hapa cheo hiki si cha kukata utepe. Naibu gavana ndiye anayeongoza Seneti ya jimbo yenye wajumbe 31. Anaunda kamati, anateua wenyeviti, anaamua mswada uende kamati gani na usomwe lini. Bunge la Texas hukaa siku 140 tu katika kila miaka miwili, kwa hiyo hana haja ya kuupinga mswada hadharani. Akiukalia wiki chache umekufa. Mshahara wake ni dola 7,200 kwa mwaka, sawa na seneta wa kawaida, lakini wapo wanasiasa wengi wa hapa wanaokiona cheo hicho kizito kuliko cha gavana mwenyewe.

Mtu mwenye rungu la namna hiyo siwezi kukubali aletwe na mtu mmoja aliyemchagua kwa kuangalia atamwongezea kura wapi. Tazameni mwaka 2025: Patrick alisukuma kwa nguvu zote sheria ya kupiga marufuku bidhaa zenye THC, kile kiini cha bangi kinachouzwa kwenye pipi na vinywaji madukani. Mabunge yote mawili yakapitisha. Juni Abbott akaikataa kwa kura ya turufu. Usimwunge mkono yeyote kati yao, lakini ona kilichotokea: wawili wa chama kimoja wamepingana mchana kweupe, na kila mmoja amebaki anajibu kwa wananchi waliomweka. Mgombea mwenza asingethubutu hata kuanza.

Wenye mawazo tofauti karibuni.

Mchangiaji (Phoenix, Arizona):

Ndugu mleta mada, Texas yako isikufiche majimbo mengine. Sisi Arizona tumeishi miaka yote bila naibu gavana. Gavana akiondoka, anayerithi ni Katibu wa Jimbo, mtu aliyechaguliwa peke yake kama unavyopenda wewe. Mwaka 1988 Evan Mecham, Republican, aling'olewa na Bunge. Akaingia Rose Mofford, Democrat. Mwaka 2009 Janet Napolitano, Democrat, alikwenda kuwa waziri wa Obama. Akaingia Jan Brewer, Republican. Mara mbili ikulu ya jimbo imehama chama na hakuna aliyepiga kura ya kuihamisha. Watu walichagua sera fulani kwa miaka minne, wakaamka wakakuta nyingine.

Ndiyo maana mwaka 2022 tulikwenda kwenye kura tukaanzisha cheo cha naibu gavana, aje kwa tiketi moja na gavana, kuanzia uchaguzi wa 2026. Sikuona kura ile kama jambo dogo. Niliipigia ndiyo kwa moyo mmoja.

Mchangiaji (Boise, Idaho):

Mimi nakaa Idaho, na naomba niseme tuliyoyaona kwa macho.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 Gavana Brad Little alisafiri kwenda Nashville kwenye mkutano wa magavana wa chama chake. Katiba ya hapa inasema gavana akitoka nje ya jimbo, naibu anakaimu. Naibu alikuwa Janice McGeachin, amechaguliwa kwa kura yake, chama kimoja na gavana, lakini hawaelewani. Akatoa amri ya kuzuia shule na serikali za miji kulazimisha barakoa. Little aliporudi akaifuta kesho yake. Mkadhani ameacha? Mwezi wa 10 gavana yuko Texas kwenye mpaka wa Mexico, naibu akatoa amri nyingine kuhusu chanjo, na akawauliza wakuu wa Walinzi wa Taifa, askari wa akiba wa jimbo, habari za kupeleka askari mpakani. Gavana akafuta tena.

Sisi tulikuwa na watoto shuleni. Wazazi wengi katika jamii yetu bado wanajifunza Kiingereza. Asubuhi unaambiwa hivi, jioni unaambiwa vile, na aliyeandika amri zote mbili anaitwa gavana. Serikali haiwezi kuwa na vichwa viwili. Mimi naunga mkono tiketi moja.

Mchangiaji (Dar es Salaam):

Wakuu, nawasoma kwa makini kwa sababu jambo hili Tanzania tulishalipitia. Kabla ya 1995, Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake, ana kura zake za Zanzibar. Wakati wa chama kimoja hakuna aliyeona tatizo. Vyama vingi viliporudi 1992 likaja swali: upinzani ukishinda Zanzibar, Rais wa Muungano atakaa na makamu wa chama kingine? Katiba ikabadilishwa 1994, ukaja utaratibu wa mgombea mwenza, ukatumika kuanzia uchaguzi wa 1995. Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, Mama Samia aliapishwa siku mbili baadaye na nchi haikutikisika.

Ila niseme na upande wa pili, maana sitaki kuficha. Kule Zanzibar wapo mpaka leo wanaoona mabadiliko yale yaliwapunguzia sauti ndani ya Muungano, kwa sababu makamu aliyetoka kwa kura zao amekuwa makamu anayeteuliwa na chama. Utulivu ule ulikuwa na bei, na bei hiyo hawakuilipa wote sawasawa.

Mchangiaji (Nairobi):

Mdogo wangu wa Phoenix, tiketi moja nayo ina shimo. Hapa Katiba ya 2010 inataka kila mgombea ugavana awe na naibu wake. Polycarp Igathe alichaguliwa naibu gavana wa Nairobi pamoja na Gavana Mike Sonko mwaka 2017, akajiuzulu Januari 2018. Sonko akakaa karibu miaka mitatu bila naibu. Bunge la kaunti na Seneti walipomwondoa gavana Desemba 2020 hakukuwa na wa kurithi, ikabidi spika akaimu. Ann Kananu akaidhinishwa kuwa naibu Januari 2021, na Novemba mwaka huohuo akaapishwa kuwa gavana wa jiji kuu la nchi. Simlaumu mama yule, alifuata sheria. Lakini hakuna mpiga kura aliyewahi kuliona jina lake kwenye karatasi ya kura kwa cheo hicho. Naibu akiwa ni wa gavana, basi hata pengo lake ni la gavana, alijaze akipenda.

Mleta mada:

Asanteni sana. Nimeandika na kufuta jibu hili mara tatu, kwa sababu la Idaho limenigusa. Nina watoto wa umri huo.

Ndugu wa Boise, nakubali kila ulichosema kuhusu kilichotokea. Nisichokubali ni chanzo. McGeachin hakutoa amri zile kwa sababu alichaguliwa peke yake. Alizitoa kwa sababu kuna kifungu kinachomfanya gavana kuwa si gavana akivuka mpaka wa jimbo. Kifungu hicho kilikuwa na maana wakati gavana akisafiri hapatikani mpaka barua ifike. Leo Little alikuwa na simu mfukoni. North Carolina wanacho pia: Oktoba 2023 Gavana Roy Cooper, Democrat, alikuwa Japani, na naibu wake Mark Robinson, Republican, akatoa tamko kama kaimu gavana. Mwaka 2024 Cooper alipojiondoa kwenye orodha ya watu waliofikiriwa kuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris, mojawapo ya sababu alizotaja ni hiyohiyo, akitoka jimboni nani anabaki na kalamu. Hata California, mwaka 1979, naibu gavana Mike Curb alimteua jaji wakati Gavana Jerry Brown hayupo, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kaimu ana mamlaka hayo, ingawa gavana akirudi anaweza kuutengua uteuzi huo. Futeni kifungu, naibu akaimu pale tu gavana anapougua asiweze kazi, akifa, akijiuzulu au akiondolewa. Kura yetu muiache.

Ndugu wa Phoenix, la chama kubadilika ni zito na siwezi kulipuuza. Hapo najibu kwa kadiri tu. Mtu aliyemchagua Napolitano alidhulumiwa kweli. Lakini Texas tuliwahi kuwa na Bob Bullock, Democrat, naibu wa George W. Bush alipokuwa gavana wetu kuanzia 1995, na wakafanya kazi pamoja mpaka Bullock akamuunga mkono Bush dhidi ya mgombea wa chama chake kwenye uchaguzi wa 1998. Vyama viwili juu si lazima viwe vita. Naomba nawe unijibu hili: kwa utaratibu wenu mpya, mgombea ugavana anaweza kungoja hadi siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu ndipo amtaje mwenzake. Yaani mchujo wa vyama umeshapita. Nani atamhoji mtu huyo? Kwa mdahalo gani?

Na kaka wa Dar, hilo la Zanzibar nitakwenda kulisoma vizuri. Nilikulia Tanga na sikuwahi kuliangalia kwa upande huo.

Mchangiaji (Phoenix, Arizona):

La siku 60 umenishika, kaka. Wakati tunapiga kura ile nilitazama tiketi moja, sikutazama tarehe. Ningependa atajwe kabla ya mchujo, asimame jukwaani aulizwe maswali kama wengine, na chama kimkatae kama hafai.

Lakini kwenye tiketi moja sitetereki. Bullock na Bush walielewana kwa sababu ya tabia zao, na tabia haiandikwi kwenye katiba. Mimi 2026 nitamtazama yule wa pili kwenye tiketi kwanza, kabla ya yule wa juu. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka miwili tu hapa, bado nazoea joto la Julai, na nakumbuka mwenzangu kazini, aliyezaliwa Arizona, akiniuliza kama najua gavana wetu mpya ni nani. Sikujua. Yeye naye alikuwa amejua asubuhi hiyo.