Ushauri wakuu: nguo za kwenda Istanbul mwezi wa nne, nipendeze na nisiteseke

Chumbageni_Mie (mleta uzi)
Wakuu salaam. Mimi mkazi wa Tanga mjini, sijawahi kutoka nje ya nchi ukiacha Mombasa. Inshallah katikati ya mwezi wa nne nakwenda Istanbul. Naondoka Alhamisi usiku, Jumatatu narudi. Naambiwa wakati huo kule maua ndiyo yanachanua, baridi kali imekwisha na joto halijafika. Sasa kila nikifungua kabati nakutana na madera, mabaibui na magauni ya vitenge vya sare za harusi za watu. Nataka picha zitoke vizuri, lakini nitatembea sana kwa miguu. Nibebe nini, niache nini? Naombeni ushauri wa kweli na msinicheke, usingizi sipati kwa jambo hili.

Siti_ya_Mbele
Nimewahi. Naweka kigoda hapa, anayeuza kashata apite.

Baharia_Deepsea
Dada, mji huo naujua, nimeshuka pale enzi za meli. Mwezi wa nne mchana ni nyuzi 16 hivi, usiku inateremka mpaka 8. Sisi huku mwezi huohuo tuko kwenye 30 na masika juu yake, kwa hiyo usidanganywe na neno maua. Chukulia Lushoto ya mwezi wa saba, saa moja asubuhi, kisha tia upepo wa bahari. Na mvua ya rasharasha haiagi.

Cha kufanya ni kuvaa nguo nyembamba zinazopandana. Ndani fulana ya mikono mirefu, juu yake sweta jembamba, juu kabisa koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia. Jua likitoka unavua moja, ukipanda kivuko cha Eminönü kwenda Üsküdar unalirudisha mbio, maana pale katikati ya maji upepo hauna adabu. Viatu ni raba ulizokwisha kuzizoea. Mji wote umekaa vilimani. Kutoka Karaköy kupanda mpaka mnara wa Galata ni mawe na mteremko, usiende kuvunjia raba mpya kule. Dera liache likusubiri.

Kuna safari mpishi wetu, Mdigo wa Moa, alibisha. Akashuka na shati la mikono mifupi, ati jua si linaonekana? Jioni tukamwona anarudi bandarini kajifunika zulia dogo alilonunua kumpelekea mkewe. Jina la Zulia analo mpaka leo.

Fundi_Barabara_ya_Kumi
Mwambieni asihangaike na makoti ya kizungu. Kitenge kizito, nakata koti la kufika magotini, ndani naweka bitana ya flana, mifuko miwili ya kina, vifungo vikubwa. Akisimama kwenye maua hakuna mwenzake. Vitenge vyake vya sare za harusi hivyohivyo avilete, shati na sketi moja vinatoa koti zima. Siku mbili linakuwa tayari.

Siti_ya_Mbele
Siku mbili za fundi au siku mbili za kalenda?

Fundi_Barabara_ya_Kumi
Kijana una chuki binafsi.

Mama_Wawili_Mabawa
Mdogo wangu, kabla watu hawajakushonea nguo ambazo hazitaingia kwenye begi: begi lenyewe kilo ngapi, na unakwenda na nani?

Chumbageni_Mie
Ahsante dada. Begi ni la mkononi tu, kilo 8. Nakwenda na mtu wa familia. Baharia ahsante sana, ila hukunijibu kuhusu mabuti. Nimeona mabuti ya kufika juu ya kifundo, yana kamba ndefu mbele, mazuri sana.

Dada_Mgandini
Hukuuliza habari ya mabuti, bibie, ndiyo kwanza unayataja. Na mimi hapo kwenye kilo sijakuelewa. Safari ya ndege ya mbali mtu anapewa mabegi makubwa ya kuweka chini. Yako yako wapi?

Chumbageni_Mie
Yapo, ila yana vitu.

Dada_Mgandini
Vitu gani? Vya nani? Mwanamke usibebe begi la mtu hata siku moja! Watu wamefungwa huko nje kwa kubeba begi la mtu.

Mzee_wa_Ngamiani
Haya ndiyo nilikuwa nayasubiri. Vijana wa leo mnaambiwa safari ya bure mnaanza kuuliza viatu. Nani amekukatia tiketi binti yangu?

Chumbageni_Mie
Jamani tiketi kakata mume wangu! Haya basi, nasema. Wifi yangu ameolewa kule, amejifungua. Mama mkwe anakwenda kumkalia mzazi mpaka arobaini, na hajawahi kupanda ndege, kwa hiyo mimi namsindikiza, nakaa hizo siku chache, narudi peke yangu. Mabegi yote makubwa, yake na yangu, yamejaa vitu vya mzazi: liwa, manjano, khanga, pilipili manga, mkaa wa kufukizia, mkeka, hata kinu kidogo cha kutwangia. Nimepima mwenyewe kwenye mizani ya dukani. Mimi nimebakiwa na hilo la mkononi. Mume akasema kwa kuwa unakwenda, tembea tembea na wewe upumzike. Ndiyo hiyo ratiba: Ijumaa tunafika, Jumamosi bustani ya Emirgan kuona maua, Jumapili lile soko lao kubwa la ndani, Kapalıçarşı, Jumatatu uwanja wa ndege.

Na swali langu hasa ni kwamba nimeshanunua suruali ya jinzi, pana, si ya kubana. Na hayo mabuti. Mama mkwe hajawahi kuniona na suruali.

Siti_ya_Mbele
Eeeeh! Sasa ndiyo uzi umeanza. Kashata mbili.

Kungwi_Mstaafu
Mwanangu, mimi nimewaweka wari ndani tangu hujazaliwa, nikwambie bila kukuficha. Mama anakwenda kuchemsha maji ya mzazi, wewe unakwenda kupiga picha kwenye maua? Mwanamke wa Kitanga anajulikana kwa kumhudumia mkwe, si kwa jinzi. Ukifika kule shika ufagio, mkande mzazi, mama yako mkwe apate kulala. Nguo ya kazi ni khanga mbili. Hizo hazina kilo.

Mama_Wawili_Mabawa
Bi Kungwi kwa heshima zote, khanga mbili kwenye nyuzi 8 huyo mkandaji naye atahitaji kukandwa.

Baharia_Deepsea
Nirudi kwenye mabuti. Dada, utaingia msikitini au hutaingia? Kwenda Istanbul usiingie Msikiti wa Buluu ni hasara. Mlangoni unavua viatu. Ukitoka unavaa. Ukenda Süleymaniye unavua tena. Kila mlango na kamba zako ndefu, umeinama, watu mia wapo nyuma yako. Uwanja wa ndege pia wanaweza kukuvulisha. Na beba soksi zisizotoboka, maana ndizo zitakazoonekana kwenye zulia. Aya Sofia nayo ilirudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, na tangu 2024 mtalii wa nje analipia euro 25 na hupelekwa ghorofa ya juu, kwa hiyo pima mfuko wako. Kote huko mwanamke anatakiwa kufunika nywele na kuvaa nguo isiyoonyesha mwili. Mtandio mmoja mkubwa wa pamba unafanya kazi tatu: kichwani msikitini, shingoni kwenye kivuko, mapajani kwenye ndege.

Chumbageni_Mie
Mabuti nitayavaa safarini, hayahesabiwi kilo. Hilo nilishalifikiria.

Baharia_Deepsea
Saa saba angani miguu inavimba. Utayafungua kamba kabla ya kuvuka Sudan.

Chumbageni_Mie
Nitayalegeza. Na yana kisigino kifupi tu, si mchuchumio. Kaka wewe ni mwanaume, kwa picha raba hazipendezi na baibui.

Dada_Mgandini
Raba nyeupe na baibui zinapendeza, kaangalie wasichana wa siku hizi Raskazone jioni. Lakini kwenye soko la mtumba nimekaa, sikiliza. Makoti ya majira hayo yanakuja humuhumu kwenye mabelo kutoka Ulaya na hapa hayana mteja kwa sababu ya joto, ndiyo maana bei yake ni ya kutupa. Tafuta lile refu la mvua, rangi ya mchanga au kijani cha jeshi, lenye mkanda. Likague kwapani na kwenye pindo, lipitishe kwenye mwanga uone kama kuna tundu. Usichukue la manyoya, litakula begi zima. Chini ya baibui vaa taiti nzito, upepo unaingia kwa chini ndugu yangu. Halafu chagua rangi ambazo kila juu inakubali kila chini. Nguo tatu za juu, mbili za chini, unabadilisha mpaka unarudi na hakuna atakayejua.

Mama_Wawili_Mabawa
Na hilo la suruali, mbona dawa yake iko wazi? Vaa panjabi. Suruali pana, gauni la juu linafika magotini, mtandio wake upo. Mama mkwe hana la kusema, picha inatoka, na unapanda vilima vyako. Shona ya kitambaa kizito kidogo, ndani unaweka fulana ya baridi.

Fundi_Barabara_ya_Kumi
Panjabi siku moja.

Chumbageni_Mie
Panjabi ni vazi la mama yangu mzazi. Ningetaka panjabi nisingeleta uzi. Mume wangu hana neno na jinzi, amesema vaa utakavyo. Nimefikiria nivae jinzi ndani, baibui la wazi juu, tukifika kwa wifi navua baibui ninapotoka. Sidhani kama ni kosa. Wifi mwenyewe anavaa suruali, nimeona picha zake.

Mzee_wa_Ngamiani
Mume amesema vaa utakavyo. Wanaume wa siku hizi wanaogopa kulala sebuleni. Sisi wakati wetu mama akisafiri, mke anaulizwa amebeba chakula gani cha njiani. Mwaka niliooa tulipanda treni hapa stesheni, mke wangu alikuwa na kapu la mikate ya kumimina...

Siti_ya_Mbele
Mzee treni hiyo ilifika? Maana uzi unakusubiri.

Kachero_wa_Pongwe
Samahanini kuingilia. Hivi hakuna anayesikia harufu ya chai hapa? Kwanza, ratiba yake inasema Jumapili ni Kapalıçarşı. Soko hilo lina maduka maelfu na Jumapili linafungwa. Mtu mwenye wifi anayeishi mji huohuo angeambiwa. Pili, mwaka jana mtumiaji huyuhuyu alileta uzi jukwaa la mahusiano anatafuta mchumba, mcha Mungu, mwenye kazi, asiwe wa mbali na Tanga. Leo ana mume, wifi wa Istanbul na mama mkwe mwenye kinu. Tatu, anaulizwa begi anajibu kidogo kidogo. Mtu mwenye safari ya kweli anaandika yote kwa mara moja.

Siti_ya_Mbele
Chai ya maziwa, na tangawizi juu. Kashata nilijua itapata kazi.

Mzee_wa_Ngamiani
Nilihisi. Tangu pale kwenye kinu.

Baharia_Deepsea
La Jumapili ni kweli, wanafunga. Nililigonga mlango mwenyewe. Lakini kutojua siku ya soko si uongo, ni ugeni. Nani hapa akienda Korogwe anajua siku ya gulio bila kuuliza?

Kungwi_Mstaafu
Mimi kinu nakiamini. Mama wa Kitanga kumfuata mzazi bila kinu ndiyo ningeshangaa. Mkaa ndiyo nina wasiwasi nao, wasije wakazuiwa.

Chumbageni_Mie
Kachero, mwaka jana nilikuwa natafuta, nikapata. Wala si humu, humu mlinicheka tu. Wifi ana kichanga, analala mchana anaamka usiku, nimwulize habari za masoko? Ratiba nimepanga mwenyewe kwa kuangalia video. Basi soko nitakwenda Jumamosi na maua Jumapili, ndege imeanguka? Nimesema kidogo kidogo kwa sababu nusu ya Chumbageni wanasoma humu na mama mkwe wangu ana mashoga wenye simu.

Kachero_wa_Pongwe
Weka picha ya begi.

Chumbageni_Mie
Siweki picha ya begi kwa mtu wa Pongwe nisiyemjua.

Kachero_wa_Pongwe
Hata kinu tu.

Mama_Wawili_Mabawa
Tuache kinu. Mdogo wangu, umesema utavua baibui ukitoka kwa wifi yako. Kurudi je? Utakuta mama mkwe kakaa mlangoni na mtoto mapajani. Baibui lako utakuwa umelivalia wapi, kwenye ngazi? Kama umeamua jinzi, mwonyeshe kabla hamjaondoka Tanga. Akinuna, anune akiwa nyumbani kwake. Mkiwa ugenini hakuna chumba cha kukimbilia.

Chumbageni_Mie
Hilo la ngazi sikuwa nimeliwaza. Ila kumwonyesha siwezi, dada. Nitamwacha aione uwanja wa ndege wa Dar, pale kuna watu, hatasema kitu. Mabuti nabaki nayo. Koti la rangi ya mchanga nitalitafuta. Raba nyeupe nitaangalia kama zinaingia kwenye kilo.

Baharia_Deepsea
Vaa raba, tia mabuti kwenye begi. Au acha mabuti. Nasema kwa mara ya mwisho.

Dada_Mgandini
Chai au si chai, makoti yapo. Belo jipya linafunguliwa Jumanne asubuhi, ulizia meza yenye turubai la buluu. Nitakuwekea moja la mkanda. Kachero njoo na wewe, za kiume zipo.

Fundi_Barabara_ya_Kumi
Likiwa kubwa lilete nilipunguze mabega.

Mgosi_Original
Sijasoma komenti zote. Istanbul mimi nilikwenda mwezi wa nane, joto linafanana na la kwetu. Usibebe koti, beba madera na ndala.