Madalali wa boti za mahaba Venice: nimelipia faragha, nikapakiwa na wapenzi wa watu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo makali yakizidi mtanivumilia. Mods, naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa picha za safari, hapa hakuna picha nzuri ya kutazama.

Ni hivi. Kwa mwaka wa 10 wa ndoa yetu, mimi na mume wangu tuliamua kupanda gondola, zile boti ndefu nyembamba za kupigwa kasia, huko Venice, Italia. Kuna wakala mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi kwa sasa kwa sababu madai yangu ya kurudishiwa hela bado yapo benki, anauza kitu anachokiita mzunguko wa faragha wa kimahaba kwa wapendanao. Wawili tu, machweo, muziki wa laivu, dakika 45, na busu chini ya Ponte dei Sospiri, lile daraja jeupe maarufu. Euro 145 kwa kila kichwa. Sisi wawili ni euro 290, na zilikatwa kwenye kadi dakika ileile. Kwenye kukata hawana uzembe.

Tumefika mahali pa kukutania karibu na uwanja wa San Marco, tukamkuta kijana kanyanyua mwavuli uliofungwa, nyuma yake foleni. Foleni ya wapenzi! Kila mtu kapendeza, na kila mtu anadhani wale wengine wanasubiri kitu kingine. Kijana akaanza kutuhesabu wawili wawili, akatazama simu yake, akaanza upya kwa kuhesabu wanne wanne. Hapo ndipo moyo ulinilipuka.

Nikamwambia, kaka, sisi tumelipia boti yetu. Akajibu kwa adabu zote: ndiyo madam, boti ni yenu, hawa watakaa tu mbele.

Watakaa TU mbele. Kwa ambao hamjawahi kuipanda, gondola ina urefu wa karibu mita 11, lakini upana wake haufiki hata mita moja na nusu. Nyuma kuna kikochi cha watu wawili, halafu kuna viti vidogo pembeni vinavyokielekea. Anayekaa "mbele" mnagusana naye magoti. Na wale wenzetu nao walikuwa wameahidiwa boti yao, wamelipa hela ileile, tena yule bwana alikuwa na kiboksi kidogo mkononi ambacho hakukifungua mpaka tunashuka. Kwa kweli yeye namhurumia kuliko ninavyojihurumia mimi. Tulikaa tunatazamana kama washtakiwa wa kesi moja.

Muziki wa laivu ulikuwepo, siwezi kusingizia. Mwimbaji mmoja na mpiga akodiani, ila hawakuwa kwenye boti yetu. Walikuwa boti ya tatu kutoka kwetu, wanauimbia msafara mzima wa gondola tano. Tukikata kona wanapotea, tukinyooka tunawakuta wameshafika ubeti mwingine. Na kabla hamjaniuliza kwa nini mpiga kasia wetu hakuimba: kuimba si kazi yake. Waimbaji hukodiwa kando na hulipwa kando. Hayo mambo ya mpiga kasia kukuimbia huku anakupeleka ni ya kwenye sinema.

Tukafika darajani. Masimulizi ya pale ni kwamba wapendanao wakibusiana chini ya daraja lile jua linapozama na kengele za San Marco zikilia, mapenzi yao hayafi. Tangazo lilikuwa limeyaremba masimulizi hayo kweli kweli. Halikusema kwamba daraja lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya kuwavusha watuhumiwa kutoka Ikulu ya Doge, mtawala wa Venice wa enzi hizo, kwenda gerezani, wala halikusema kwamba pale chini ni foleni tupu. Mfereji ni mwembamba, gondola zinasogea moja nyuma ya nyingine, na kwenye daraja la jirani, Ponte della Paglia, umati umesimama na simu mkononi unawapiga picha nyote mlio chini. Kengele hazikulia. Jua nalo lilikuwa bado linawaka juu ya mapaa, maana walitupangia saa 12 na nusu jioni, mwanzoni mwa Septemba, wakati jua la Venice kipindi hicho linazama baada ya saa 1 na nusu. Machweo tuliyolipia tuliyaona baadaye tukiwa tunatembea kwa miguu, bure.

Busu hapakuwa. Nimbusu mume wangu huku goti la mwanaume mwingine liko kwenye goti langu?

Na hizo dakika 45? Hata 25 hazikufika.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana kinachoniuma zaidi ni hiki. Gondola Venice ina bei elekezi, na aliyeipanga ni jiji lenyewe. Tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, na kuanzia saa 1 usiku ni euro 110 kwa dakika 35. Kabla ya hapo zilikuwa 80 na 100. Hiyo ni bei ya BOTI. Si ya kichwa. Mkipanda wawili ni 90, mkipanda watano ni 90 ileile mnachangiana. Watano ndiyo mwisho wa kisheria. Zamani walikuwa sita, jiji likapunguza mmoja mwaka 2020.

Maana yake ni nini? Ukienda mwenyewe pale kwenye kituo cha gondola, ukakubaliana, ukalipa 90, mnapanda wawili mnaondoka. Hakuna mtu atakayewaingilia. Hiyo faragha wanayoiuza kama kitu adimu ndiyo hali ya kawaida ya gondola! Dalali anachukua kitu ambacho kila abiria anakipata kwa bei elekezi, anakibandika jina la mahaba, anakipandisha bei mara tatu, kisha anakunyang'anya na kukiuza tena kwa wengine. Boti yetu ilibeba vichwa vinne vya euro 145, yaani euro 580 kwenye chombo ambacho bei yake ya saa ile ni 90. Mwanamuziki tumegawana boti tano. Hizo nyingine zimeingia mfuko wa nani?

Naomba nieleweke, sina ugomvi na mpiga kasia. Yule baba alikuwa fundi. Anasimama nyuma kabisa, kasia moja tu, upande mmoja tu, na boti inanyooka, kwa sababu gondola huundwa kwa makusudi ikiwa imepinda, ubavu wa kushoto umezidi wa kulia kwa karibu sentimita 24. Kwenye kona kipofu anatoa ukelele kumtahadharisha anayekuja, halafu anaipitisha boti ya mita 11 pasipo kugusa ukuta. Kwa ustadi ule 90 ni halali yake kabisa. Nilipomuuliza wakati wa kushuka kuhusu dakika 45, alishangaa kwa dhati. Akasema yeye ameitwa kwa safari ya kawaida ya kundi. Neno faragha hakuwahi kulisikia kutoka kwa mtu yeyote.

Basi nikawaandikia wakala. Jibu la kwanza likaja kwamba "faragha" kwenye bidhaa yao inamaanisha hamchanganywi na makundi makubwa. Nikawarudishia picha ya tangazo lao lenye maneno "wawili tu". Kimya. Nilipokumbushia, wakageuza: safari ilifupishwa kwa sababu ya maji kujaa, ni usalama wetu walikuwa wanaujali.

Hapo walinikosea kweli. Ni kweli maji yakijaa sana gondola hazipiti chini ya madaraja mafupi, hilo halina ubishi. Lakini Venice ndiyo mji wa mwisho wa kumdanganya mtu kuhusu kina cha maji. Jiji lina kituo kizima cha kutabiri na kupima maji, na vipimo vya Punta della Salute, pale maji ya mji yanapopimwa, vinawekwa wazi mtandaoni kwa kila mtu. Tangu Oktoba 2020 kuna yale malango ya MOSE yanayoinuliwa kuzuia bahari, na kwa kawaida huinuliwa utabiri ukifika sentimita 110. Novemba 2019, kabla malango hayajaanza kazi, maji yalifika 187, hayo ndiyo maji kujaa. Nimeingia kwenye vipimo vya jioni ile yetu, saa ile ile, hata nusu ya 110 haikufika. Nimewatumia. Kimya tena.

Jibu la tatu ndilo la sheria: eti hakuna kurudishiwa kwa sababu huduma ya burudani yenye tarehe maalumu haina haki ya kughairi ndani ya siku 14. Wadau, hapa msikubali kuchanganywa. Ni kweli sheria ya walaji ya Umoja wa Ulaya imezitoa huduma za aina hiyo kwenye ile haki ya siku 14. Lakini hiyo ni haki ya mtu aliyebadilisha mawazo. Mimi sikubadilisha mawazo! Mimi nilifika, kwa wakati, nimevaa gauni, nikapewa kitu tofauti na nilichouziwa. Hayo ni mambo mawili, na wao wanajua ni mawili, ndiyo maana wanayachanganya.

NYONGEZA: Naona maswali ni mengi, nijibu machache.

Anayesema "dada, si mngekataa kupanda": tulikataa. Kijana akasema asiyepanda amekosa safari mwenyewe na hela hairudi. Na wale wenzetu walikuwa wameshakaa. Anayesema tungeshuka katikati, nakuomba uniambie tungeshukia wapi.

Anayeuliza kama kuna njia nafuu ya kuyaona maji: ipo. Kwenye Canal Grande, ule mfereji mkuu wa mji, kuna traghetto, gondola kubwa za kuvusha watu ng'ambo, mgeni analipa euro 2. Ni dakika chache tu lakini ni gondola kweli. Ukitaka kuuona mfereji wote, basi la majini namba 1 linapita lote, tiketi euro 9.50 ya dakika 75. Hutakuwa peke yako, lakini hakuna aliyekuahidi kuwa peke yako. Mahaba utayabeba mwenyewe.

Anayetaka gondola ya wawili: nenda kituoni mwenyewe, waambie kabla hujaweka mguu kwamba mko wawili na hamtaki wengine, ulizia dakika na njia mtakayopita. Ombeni mifereji ya ndani badala ya kwenye lile daraja, maana huko ndiko kuna utulivu. Mkitaka muziki, mkubaliane bei yake hapohapo na mwanamuziki akae KWENYE boti yenu. Na ukiona tangazo lolote la gondola limeandika bei kwa kichwa, ujue hiyo ni boti ya kuchangia hata wakiiandika faragha mara 20.

Kuna mkuu mmoja amesema nalalamikia mambo ya anasa na watu wana matatizo makubwa. Sawa mkuu. Ukiibiwa kuku na jirani akaibiwa ng'ombe, wewe huendi kituoni kutoa taarifa?

NYONGEZA YA PILI: Wakala wameibuka. Wananipa kuponi ya punguzo la asilimia 15 kwenye mzunguko mwingine wa kimahaba, wa kwao haohao, itumike ndani ya mwaka mmoja. Mume wangu, ambaye muda wote huu alikuwa ananiambia niachane nao, ameisoma hiyo barua pepe na sasa hasira zake zimepita zangu.

Benki wamepokea madai kwa kigezo cha huduma kutolingana na maelezo. Wametaka tangazo lilivyokuwa siku ya kulipa, risiti, na mawasiliano yote. Tangazo ninalo, nililipiga picha mapema, na ni bahati, kwa sababu tangu juzi yale maneno "wawili tu" yameondolewa na bei imebaki palepale. Kama nawe ulilipia tangazo la namna hii ukapakiwa na watu, njoo PM na risiti yako, na uniambie ni kwa wakala yupi. Na yule bwana wa kiboksi, kama kwa bahati unasoma hapa, njoo pia, nahitaji shahidi.