Kusafirisha kifaa chenye chanzo cha mionzi na kemikali za maabara kutoka Moshi hadi Arusha: je, safari moja inatosha?

Mtunza Maabara (Arusha)

Nawasalimu wote. Mimi ni mtunza maabara katika kituo cha utafiti wa udongo na maji hapa Arusha, na nimekabidhiwa kazi ambayo sijawahi kuisimamia. Kwa misimu mitatu tulikuwa na shamba la majaribio upande wa Moshi, kule kwenye migomba na kahawa. Sasa mradi umekwisha, na kila kilichomo stoo kinatakiwa kurudi kituoni. Kuna kifaa cha kupimia unyevu wa udongo chenye chanzo cha mionzi cha amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, ambacho nguvu yake kwa mujibu wa kibao ni gigabekereli 1.85. Kuna pia chupa nne za kioo zenye tindikali ya naitriki, madumu mawili ya asetoni, dumu la maji ya klorini tuliyokuwa tukisafishia vyombo, na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika ambao haujaisha.

Mkuu wangu anaona kwamba dabo kabini ya kituo ikitoka alfajiri inaweza kupakia vyote na kurudi kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa ni kilomita 80 hivi na njia ni lami tupu. Mhasibu na vijana wawili wa shamba wameshaomba lifti. Kinachonikosesha amani ni sanduku la kifaa: komeo lake moja limeliwa na kutu na lebo zimefifia kiasi kwamba tarakimu hazisomeki. Mwenzangu mmoja amependekeza tulizungushie mabati ya risasi ili tuwe na uhakika zaidi. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu kabla sijamjibu mkuu wangu.

Mzee wa Njiro

Ndugu Mtunza Maabara, umefanya vema kuuliza kabla gari halijawashwa, kwa sababu katika kazi hii kosa lililofanyika stoo halirekebishiki barabarani. Nilitumikia ulinzi wa mionzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika yote uliyoyaeleza, linalonitia hofu zaidi ni lile komeo lenye kutu.

Chanzo cha aina hiyo kimefungwa ndani ya kidonge cha chuma kisichoshika kutu, na maadamu kidonge kiko mahali pake ndani ya kinga yake, mtu anaweza kukipeleka kifaa shambani na kukirudisha bila madhara ya maana, kama mlivyofanya misimu yote mitatu. Balaa huanza kidonge kinapotengana na kinga yake, au sanduku zima linapopotea na kuokotwa na mtu asiyejua ameokota nini. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu-137 chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 8, yaani kama punje ya hindi, kilidondoka kutoka kwenye lori lililokuwa likitoka mgodini kuelekea Perth. Inaaminika kwamba mtikisiko wa safari uliilegeza bolti hadi ikachomoka, na kidonge kikapita kwenye tundu lililoachwa na bolti hiyo. Mzigo uliondoka mgodini tarehe 12, lakini hakuna aliyejua kwamba kidonge kimepotea hadi kifaa kilipofunguliwa tarehe 25. Walipekua njia ya kilomita 1,400 kwa magari yenye vipima mionzi, wakakiona tarehe 1 Februari kikiwa mita mbili tu kutoka ukingo wa barabara. Kwa hiyo usiniambie kwamba komeo moja ni jambo dogo.

Kuhusu mabati ya risasi, mwambie mwenzako aachane nayo. Chanzo hicho hutoa nyutroni, yaani chembe ndogo zitokazo kwenye kiini cha atomu, na risasi haizizuii kwa kiasi cha kutegemewa. Kinachozipunguza kasi ni vitu vyenye hidrojeni kwa wingi kama plastiki nzito, parafini na maji, ndiyo maana kinga ya kifaa chako imetengenezwa kwa vitu vya namna hiyo. Risasi itakuongezea uzito na imani isiyo na msingi. Kwa sababu hiyohiyo, mashine ya kawaida ya Gaiga ya kupimia mionzi haitakupa picha kamili, kwa kuwa haizioni nyutroni ipasavyo. Utahitaji kipimo cha nyutroni pamoja na cha gama.

Sanduku la kifaa cha namna hiyo kwa kawaida ni kifungashio cha Aina A. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu zinataka mfano wa kifungashio hicho umwagiwe maji kama mvua ya sentimita 5 kwa saa, uangushwe kutoka mita 1.2, ubebeshwe mzigo juu yake, na upigwe kwa fimbo ya chuma ya kilo 6 iliyoachiwa kutoka mita moja, na baada ya hayo yote kisivuje wala kinga isipungue. Sanduku lililofaulu lilikuwa na makomeo yote mazima. Lako la sasa si lile lililojaribiwa, na wala usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea, kwa maana ukilitoboa au kulichomelea unakuwa umeunda sanduku jingine lisilo na cheti. Agiza komeo kutoka kwa watengenezaji, au uliza kama kuna kituo kingine chenye sanduku halali la kifaa kama hicho kinachoweza kuwaazima.

Kisha nenda Njiro. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina ofisi na maabara zake pale, na chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 yenyewe ndiyo yenye dhamana ya kudhibiti vyanzo vya mionzi, pamoja na kuvihamisha kutoka mahali hadi mahali. Wapelekee namba ya chanzo, cheti chake, matokeo ya mara ya mwisho ya kupima kama kinavuja, na njia mtakayopita. Ni jirani zako. Usiogope kuwaona mapema.

Na hao wa lifti wapande basi. Kifaa chako huenda kikabeba lebo ya Njano-II, ambayo ni ya daraja la kati katika lebo za vifurushi vya mionzi, na kanuni zinasema wazi kwamba gari la barabarani lenye kifurushi cha Njano-II au Njano-III halipakii mtu yeyote zaidi ya dereva na wasaidizi wake.

Dereva wa Himo

Mzee amesema kweli tupu. Mimi nimebeba kemikali kwenye barabara hiyo zaidi ya miaka kumi, na ningependa kuongeza upande wa kufunga mzigo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujidanganya.

Ndugu, lami ya Moshi hadi Arusha inadanganya. Ukitoka Boma Ng'ombe hadi Usa River unakutana na matuta na rasta kila penye makazi, na kila rasta ni mitetemo mingi midogo inayofuatana. Kamba ya katani au ya nailoni uliyoikaza vizuri alfajiri, ukifika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, imekwisha legea. Nilijifunza hilo nikiwa na taasisi moja ambayo sitaitaja: tulifunga kreti la chupa za tindikali kwa kamba, na niliposimama kuangalia nilikuta limesogea mkono mzima hadi kwenye mlango wa nyuma, chupa moja ina ufa mwembamba kama unywele shingoni, na tone moja limeshatoboa rangi ya bodi hadi kwenye bati jeupe. Tangu siku hiyo natumia mikanda ya racheti peke yake, miwili kwa kila sanduku, ikipishana, na ninasimama baada ya dakika kumi na tano za mwanzo kuikaza upya, halafu tena katikati ya safari.

Sanduku la mionzi liwekwe nyuma kabisa ya bodi, mbali na kiti cha dereva, lakini lisiegemee mlango wa nyuma. Lizuiwe kwa mbao pande zote kabla mikanda haijafungwa. Ufunguo wa kufuli akae nao msindikizaji. Chai mnywe nyumbani, maana gari lenye mzigo huo haliachwi peke yake hata kwa dakika tano.

Mwalimu wa Kemia (Moshi)

Ningependa kulisemea lile pendekezo la safari moja, kwa sababu majibu yaliyotangulia yameshughulikia mionzi zaidi, ilhali kwa macho yangu kitu chenye uwezekano mkubwa wa kuua mtu siku hiyo ni kemikali.

Tindikali ya naitriki na asetoni hazisafiri pamoja, hata zikiwa katika vyombo tofauti. Tindikali hiyo ni kioksidishaji kikali. Ikimwagikia asetoni huweza kuwaka au kulipuka bila kuhitaji njiti ya kiberiti. Tindikali hiyohiyo ikikutana na maji ya klorini hutoa gesi ya klorini, na dereva aliyefunga vioo kwa sababu ya vumbi atakuwa ameivuta kabla hajajua harufu inatoka wapi. Sasa fikiria hayo yote yakitokea pembeni ya sanduku la mionzi: askari wa zimamoto wakiona alama ile ya njano watalazimika kusita, na watakuwa na haki ya kusita. Kanuni zinataka mzigo wa mionzi utengwe na bidhaa nyingine za hatari, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kila chupa ya tindikali iwekwe wima ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ikizungukwa na vermikulaiti (punje nyepesi za madini zisizoungua) au mchanga mkavu. Vumbi la mbao, ambalo wengi hulitumia kwa mazoea, ni kuni inayosubiri tindikali ya naitriki. Kwa kemikali hizo mwone Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, mweleze aina na kiasi, naye atakuelekeza kuhusu vibali na gari linalofaa. Kama klorini imebaki kidogo na imepitwa na wakati, uliza pia kama kuna haja ya kuisafirisha.

Naitrojeni usiiweke ndani ya kabini kwa hali yoyote. Lita moja ya kimiminika hicho hugeuka kuwa gesi ya takribani lita 700. Haina rangi wala harufu, inafukuza hewa ya oksijeni, na mtu husinzia bila kujitambua. Kwa kuwa ni kiasi kidogo, iacheni igeuke mvuke huko huko shambani mahali pa wazi penye upepo, kisha mbebe mtungi mtupu.

Mtunza Maabara (Arusha)

Shikamoo Mzee wa Njiro, na ahsanteni nyote. Nimemwonyesha mkuu wangu majibu yenu na amekubali kuahirisha. Yamebaki mawili. Dereva wetu ni kijana, mkewe ni mjamzito, na ameniuliza ana kwa ana kama ataipeleka mionzi nyumbani. Nataka nimjibu kwa hesabu, nisimtulize kwa maneno matupu. La pili ni kuhusu ajali: tukipinduka, tufanye nini kwanza?

Mzee wa Njiro

Marahaba, kijana wangu. Hilo la dereva ni swali la heshima na linastahili hesabu.

Kwenye lebo ya njano kuna namba inayoitwa fahirisi ya usafirishaji. Huipati kwa kukisia: unapima mionzi kwa umbali wa mita moja kutoka kwenye sanduku, kwa milisivati kwa saa (milisivati ni kipimo cha mionzi anayopokea mtu, na moja ni sawa na maikrosivati 1,000), kisha unazidisha kwa 100. Tuseme fahirisi ni 0.4. Maana yake ni kwamba kwa mita moja kuna maikrosivati 4 kwa saa. Umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hupungua takribani mara nne. Kwa hiyo dereva aliye mita mbili kutoka kwenye sanduku atapokea kama maikrosivati 1 kwa saa, na kwa safari ya saa mbili ni maikrosivati 2. Mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na katika chakula humpa mwanadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani, ambayo ni zaidi ya maikrosivati 6 kila siku. Safari yake basi ni chini ya nusu siku ya kuishi tu. Lakini namba yangu ni ya mfano. Mpimie sanduku lake mbele ya macho yake na umwandikie namba halisi.

Mwambie pia kwamba mtu aliyepigwa na mionzi hiyo hageuki kuwa chanzo cha mionzi. Kinachoweza kubebwa hadi nyumbani ni vumbi la chanzo kilichopasuka, na ndiyo sababu ya kufuta sanduku kwa kitambaa maalumu na kukipima kabla ya kuondoka na baada ya kufika.

Mkipata ajali, kwanza okoa watu. Majeruhi hasubiri kipimo cha mionzi. Kisha wasogezeni watu mita 30 au zaidi, upande upepo unakotoka kama kuna moshi, wekeni pembetatu za tahadhari, na mpige 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto, mkitaja bila kuficha kwamba kuna chanzo cha mionzi. Asiguse mtu kitu chochote cha chuma kilichotawanyika. Hati za mzigo zikae mlangoni upande wa dereva, zikiwa na namba ya kimataifa ya kutambulisha mzigo wa aina hii, UN 3332, kama cheti cha chanzo kingali hai, jina la chanzo, nguvu yake, fahirisi, na simu ya mtu wa Tume atakayepokea siku hiyo. Zisiwekwe ndani ya sanduku. Nimewahi kuona hivyo, na askari akalazimika kuuliza kama alifungue ili ajue asilifungue.

Mtunza Maabara (Arusha)

Narudi kutoa taarifa. Komeo jipya lilifika na tumelifunga kwenye matundu yaleyale ya watengenezaji. Naitrojeni ilimaliziwa shambani, na tindikali ilikwenda siku ya Jumanne kwa gari la peke yake. Asetoni inasubiri zamu yake. Alhamisi tulipima sanduku tukiwa na mtaalamu, fahirisi ikatoka 0.3, na dereva aliishika mashine yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiangalia namba inavyoshuka, akaomba aandikiwe karatasi ya kumwonyesha mkewe. Tulikaza mikanda Boma Ng'ombe na Kikatiti, na mara zote mbili ilikuwa imelegea.

Dereva wa Himo

Meno mawili au matatu ya racheti?

Mtunza Maabara (Arusha)

Matatu Boma Ng'ombe, moja Kikatiti.