Nimepima kifua kwa ajili ya viza ya Uingereza wameona kivuli, na kwenye fomu nilijaza sijawahi kuugua TB. Naombeni ushauri

Mwali wa Siha (Jumatatu 28 Julai, saa 3 usiku)

Wakuu habari za usiku, naomba mnisome mpaka mwisho maana hapa nilipo nimevurugwa.

Nimepata nafasi ya masta Uingereza, mwaka mmoja, chuo kinafunguliwa tarehe 22 Septemba na mwisho wa kuripoti ni tarehe 6 Oktoba. CAS (ule uthibitisho wa chuo wa kuombea viza) ninayo, ada ya kwanza nimelipa, hela ya kujikimu iko kwenye akaunti ya baba imeshakaa siku 28 zinazotakiwa. Kilichobaki ni cheti cha TB tu, kile cha lazima kwetu sisi Watanzania ukiomba viza ya zaidi ya miezi 6. Nikakiacha mwisho kwa sababu kila mtu aliniambia ni kitu cha saa mbili, unaingia unapigwa picha unapewa karatasi yako unarudi kazini.

Leo asubuhi nikaenda. Dada wa dirishani kanipa fomu, swali mojawapo umewahi kuugua kifua kikuu. Jamani nimejaza HAPANA. Mwaka 2012 nikiwa form three nilikohoa wee mpaka shule wakanirudisha nyumbani, nikaanzishiwa dawa hospitali ya Kibong'oto, nikameza miezi 6 yote nikapona, toka siku hiyo sijaumwa hata kikohozi cha vumbi. Sasa niliogopa wakiliona tu neno TB watanikata hapo hapo. Na kuna kaka nyuma yangu alikuwa ananichungulia, nikaweka tiki haraka haraka nikarudisha kalamu.

Kwenye eksirei nikavua cheni, rasta nikazifunga juu na kitambaa maana yule mpiga picha alisema zikining'inia zinaleta michirizi, nikavaa gauni lao lile la kufunga mgongoni, kidevu juu, mabega mbele, vuta pumzi, shikilia, usipumue. Haya kasubiri nje. Wote niliokuja nao wakaitwa mmoja mmoja na vyeti vyao, mimi nikabaki na feni na mlinzi. Saa 8 mchana ndio daktari kaniita, kaniwekea picha, juu upande wa kulia kuna kitu kama ukungu. Akaniuliza tena taratibu, una uhakika hujawahi kuugua TB? Nikasema nina uhakika. (Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha kwenye daladala.)

Sasa natakiwa nikatoe makohozi siku tatu mfululizo kuanzia keshokutwa Jumatano, na majibu ni mpaka wiki 8. Nikipiga hesabu nafika tarehe 26 Septemba, hapo viza yenyewe sijaomba na wanasema wiki 3.

Niendelee kukana au niseme? Chuo nikiambie nini? Halafu kuna mtu kanipa namba ya jamaa anayetoa cheti kwa laki sita, mnamuonaje?

Kichwa Ngumu 

Usiseme kitu. Nunua antibayotiki kali piga siku tano, kisha kapige picha sehemu nyingine, kivuli kinayeyuka chenyewe. Mjini shule.

dk_mstaafu

Kichwa Ngumu acha kumpoteza mtoto wa watu.

Mwali, nimefanya kazi wodi za kifua miaka mingi kabla sijaja kulima parachichi, ngoja nikueleze. TB ikipona inaacha kovu kwenye pafu kama kidonda kinavyoacha alama mguuni. Kovu haliyeyuki kwa antibayotiki, utakwenda nalo mpaka kaburini na halikudhuru. Shida ni kwamba ukiangalia picha peke yake huwezi kuapa kama hili ni kovu la 2012 au ni ugonjwa wa leo, ndio maana unaambiwa makohozi. Na hizo dawa unazoshauriwa ndizo mbaya zaidi, kuna antibayotiki zinawalaza vimelea vya TB kwa muda halafu maabara isione kitu, kumbe mtu ni mgonjwa kweli na yuko nyumbani anapumulia watoto.

Kwa nini wiki 8? Bakteria wa kawaida wa tumboni anajigawa kila dakika 20 hivi, huyu wa TB anachukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Zile mashine za GeneXpert za hospitali zetu zinatoa majibu kwa saa mbili, lakini kwa mambo ya viza wanataka na kuotesha, yaani makohozi yanawekwa maabara waone kama vimelea vitakua, na kuotesha hakuna mkato, hata ukimpigia magoti mkuu wa maabara.

Likitokea la kutokea ukakutwa nayo, unatibiwa, dawa kwenye vituo vya serikali ni bure kama ulivyopewa 2012, ukimaliza unapima tena unaomba viza. Huwekwi kwenye orodha nyeusi kwa kuugua.

Kijana wa Coventry

Bi dada pole sana, mimi yalinikuta haya haya ila mimi sikuficha kwa hiyo kidogo nilikuwa na amani.

Kesho usingoje Jumatano, nenda asubuhi muombe yule daktari dakika tano, mwambie nilijaza vibaya kwa woga, niliugua mwaka fulani, nilitibiwa mahali fulani, nikamaliza dose. Wanasikia hiyo hadithi kila wiki, usidhani wewe ndio wa kwanza. Halafu tafuta USHAHIDI. Kadi ya kliniki ya TB, barua ya kumaliza matibabu, na kama kuna picha ya zamani ya kifua hiyo ndio dhahabu, wanaweka mbili pamoja wanaona kovu liko pale pale halijaongezeka. Kumbuka lakini, ushahidi hautakuondolea makohozi, mimi nilikuwa na kadi na bado nilikohoa siku tatu. Unachosaidia ni daktari ajue anaangalia nini.

Shangazi wa Mbezi

Mwanangu hiyo namba ya laki sita ifute sasa hivi ukiwa unasoma hapa. Vyeti halali vinatoka kwenye kliniki zilizoidhinishwa na kumbukumbu zinabaki kwao, wanaohakiki wanahakiki. Ukikamatwa na cheti feki hiyo sio kunyimwa viza tu, hiyo ni udanganyifu, Uingereza wanaweza kukufungia miaka 10. Miaka kumi! Na wewe jina lako lilishaandikwa kule na kivuli chako, halafu uibuke na cheti kisafi kutoka mbinguni?

Mtoto wa jirani yangu alipita njia ya vishoka, sisemi zaidi, mama yake anasoma humu.

Bajuni Original

Dadangu wewe una bahati ni Uingereza. Mimi niko Mombasa, nilikuwa niende Qatar kazi ya udereva, nimeshauza mpaka pikipiki. Eksirei ikaonyesha kovu la zamani la utotoni, hakuna cha makohozi hakuna cha kungoja, karatasi ikagongwa UNFIT kazi kwisha. Kule Ghuba kovu tu lakutosha kukurejesha nyumbani. Nyinyi mwaambiwa ngojeni wiki nane mwalia, mie ningepewa hizo wiki nane ningezingoja nikipiga kasida.

Mama Junia

Samahani mleta uzi nakuingilia. Na mimi nategemea kwenda, je na ngoma wanapima? Naulizia rafiki yangu.

Kijana wa Coventry

Mama Junia mwambie rafiki yako Uingereza hicho kipimo ni cha kifua tu, hawagusi damu. Canada ndio wanapima damu kuanzia miaka 15, HIV na kaswende, na mkojo juu, ila kupima sio kukataliwa. Marekani HIV waliitoa kwenye orodha ya magonjwa ya kumzuia mtu tangu 2010, watu bado wanatishana nayo mpaka leo. Marekani wao kazi yao ni chanjo, surua, tetekuwanga, homa ya ini B, pepopunda, mke wa kaka yangu alitoka pale mkono hauinuki.

Mama Junia

Asante baba. Na mjamzito?

dk_mstaafu

Mjamzito aseme mapema kabla hajaingia chumba cha picha. Kwa Uingereza anachagua, apigwe akiwa amefunikwa tumbo na kinga ya risasi, au atoe makohozi badala ya picha, au asubiri ajifungue kwanza. Risasi ninayosema ni yale madini ya kuzuia mionzi, mtu asije akakimbia.

Nauli Sina

Tuje kwenye hela maana hapo ndipo watu wanazama. Mwali usilipe chochote cha viza kabla cheti hakijatoka, ile ada yao ya afya peke yake ni pauni 776 kwa mwaka, ikae kwako. Ile taarifa ya benki ya baba, siku 28 sawa, lakini siku ya mwisho kwenye taarifa isizidi siku 31 nyuma ya siku unayoomba viza. Kwa hiyo hiyo uliyonayo mkononi itachacha. Mwambie mzee hela isiguswe HATA SHILINGI, si ya mbolea si ya mchango wa harusi, utatoa taarifa mpya ukikaribia.

Chuo waandikie leo, sio ukisikia majibu. Waambie ukweli mfupi, kipimo cha TB kimehitaji vipimo vya ziada, majibu mpaka wiki 8, naomba kuhamia muhula wa Januari kama upo. CAS ni ya matumizi ya mara moja na wewe hujaitumia, wanaifuta wanakupa nyingine. Watu wa udahili wanapenda anayewahi kusema.

Mwali wa Siha (Jumanne 29 Julai)

MREJESHO. Nimeenda saa 2 asubuhi. Nilikuwa nimejipanga maneno ila nilipoingia nikaanza kulia kabla ya salamu. Daktari kanisogezea boksi la tishu akasema Kibong'oto au wapi? Yaani aliuliza hivyo tu. Kachukua fomu, kakata ile tiki kwa mstari, kaandika pembeni, tukasaini wote wawili.

Kadi iko nyumbani Siha. Nimempigia mama, mama ndiye alikuwa msimamizi wangu wa dawa kipindi kile, nikamuuliza kama anajua ilipo. Akacheka. Iko kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Kanitumia picha WhatsApp, kadi imekunjika katikati, ila tiki zake za kila siku zinaonekana zote kwa kalamu ya bluu, mpaka siku niliyotapika dawa kaandika "ametapika". Yenyewe anaipandisha basi kesho alfajiri, nitaipokea Magufuli pale Mbezi.

Shangazi wa Mbezi

Mama ni mama. Ukifika stendi nishtue nina kibanda cha supu jirani.

dk_mstaafu

Vizuri. Sasa sikiliza ya makohozi. Leo usiku kunywa maji mengi. Asubuhi usile, sukutua mdomo kwa maji tupu. Wanataka kitu kizito kutoka kifuani, MATE SIO MAKOHOZI. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ishikilie kidogo, kisha kohoa kutoka chini kabisa mpaka tumbo lishtuke. Usione aibu, aliyeko pale kazi yake ni kukusikiliza ukikohoa.

Mwali wa Siha (Ijumaa 1 Agosti)

Nimemaliza ya tatu leo. Doc asante maana siku ya kwanza nilitema povu, nesi akalishika lile kopo akaligeuza kwenye mwanga akasema "dada haya ni mate, rudi". Kile kibanda cha kukoholea kiko nje kabisa, upepo unapita, unakohoa huku anakuangalia kwa dirisha. Siku ya pili wakanivutisha mvuke wa maji ya chumvi, ladha kama nimemeza bahari ya Koko, ndio kikatoka. Leo nimetoa bila mvuke, nesi akanipigia makofi.

Kadi imefika. Chuo wamejibu ndani ya siku mbili, Januari ipo, CAS mpya watatoa Oktoba au Novemba. Baba ameambiwa kuhusu hela, amenuna, anasema kuna ng'ombe alikuwa anamuangalia.

Nauli Sina

Ng'ombe asubiri. Mwambie ng'ombe hapewi viza.

Mwali wa Siha (Jumatatu 29 Septemba)

Wakuu mlioweka kambi humu. Nimepigiwa simu saa 4 nikiwa kazini, nikatoka mpaka kwenye ngazi ndio nikapokea. Makopo yote matatu hayajaotesha kitu. CHETI NIMEKISHIKA, kina picha yangu nimevimba macho ile ya siku ya kwanza. Kina miezi 6 kwa hiyo Januari kinanitosha bila wasiwasi, viza naomba nikishapata CAS mpya.

Bajuni nakukumbuka kaka.

Bajuni Original

Hongera sana dadangu, wallahi nimefurahi. Mie sasa nina tuktuk, hanipimi mtu.

Shangazi wa Mbezi

Hongera mwanangu. Kadi umeitunza?

Mwali wa Siha

Mama ameidai shangazi. Nimemtumia na basi la jana, anataka irudi sandukuni.