Naomba ushauri: misumari yenye kutu kuchuja arseniki

Wadau, habari zenu. Mimi naishi Kayole, lakini kisima chenyewe kiko kwa mama, Migori, karibu na machimbo ya dhahabu. Nilikuja na chupa ya maji kwenye basi la usiku nikaipeleka maabara hapa Nairobi: arseniki, ile sumu, maikrogramu 60 kwa lita. Kiwango cha juu cha WHO ni 10. Na mama huyachemsha kila siku, kumbe kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea.

Kutu ya chuma huishika arseniki, kwa hiyo nilinunua Gikomba kilo tano za misumari isiyopakwa zinki, nikaipanga kwenye ndoo juu ya mchanga. Wiki ya kwanza maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Sasa mama anapiga simu: misumari imeshikana kama tofali, maji yanadondoka tone tone.

Mliowahi kuunda kitu kama hiki, mnazuiaje isigandane? Na ile aina ya arseniki iitwayo III, iliyo ngumu kushikwa kuliko aina ya V, niitibu kwanza kwa klorini ili igeuke V? Halafu mchanga ukishajaa sumu niutupe wapi? Shambani kwa mama sitaki.